Namna ya Kuvujisha Nepi Bila Kuvunja Heshima

Hongera kwa kupata mtoto, na hongera zaidi kwa kuchagua nepi za kitambaa. Sababu zako hatuzihitaji. Labda pampasi zinakula hela ya mboga. Labda mama mkwe alikutazama kwa jicho lile, akasema wao walilea wanane bila hayo makaratasi. Labda unataka tu majirani wa Kyimo, wilayani Rungwe, wajue kuwa wewe ni mzazi wa kujituma. Karibu. Hapa hatumhukumu mtu.

Ila tuelewane mapema: itavuja. Mtoto hajui ratiba yako na hana haya. Kazi ya mwongozo huu ni kuhakikisha inavuja kwa mpangilio, mbele ya watu wanaostahili, na lawama ziende kwa mwingine. Fuata hatua zote. Ukiruka moja, nepi inaweza kukaa kavu, kisha ukose cha kusimulia kisimani.

Hatua ya 1: Nunua kwa macho

Nenda gulioni, chagua kitambaa kinachong'aa. Polista yenye vipepeo ni nzuri sana. Usikijaribu kwa tone la maji, muuzaji atakuona mshamba. Akikuapia kwamba hakichuji, mwamini: hakichuji rangi, na mkojo pia hakiunyonyi. Maji yakitua juu ya polista hutafuta pa kwenda, na pa karibu ni pajani, kisha kwenye gauni lako.

Ukilazimika kununua pamba, mvishe mtoto siku hiyohiyo ingali na mikunjo ya dukani. Pamba mpya ina mafuta yake ya asili na dawa za kiwandani za kuipa ukakamavu, kwa hiyo hainywi vizuri mpaka ifuliwe mara kadhaa. Kanga mpya nayo ni hivyohivyo. Ile kanga ya bibi, iliyofuliwa tangu enzi za Mzee Mwinyi hadi maneno yake yakafutika, hunywa maji kuliko chochote utakachokuta sokoni. Ifanye tambara la kudekia. Mtoto wa kisasa akivalishwa kanga ya bibi, picha haipendezi.

Hatua ya 2: Fua kwa ajili ya pua

Watu hudhani nepi hufuliwa ili iwe safi. Wewe fua ili inukie. Mwaga sabuni ya unga mpaka povu likufike viwikoni, kisha suuza mara moja tu. Maji ya Rungwe ni ya baridi, na vidole ni vyako. Sabuni inayobaki kwenye nyuzi itashughulika na makalio ya mtoto, yatoke vipele useme ni meno.

Malizia na dawa ya kulainisha nguo, ile yenye picha ya maua. Dawa hiyo huupaka kila uzi utando mwembamba. Utando huo ndio unaokipa kitambaa ulaini, na ndio unaoyazuia maji yasiingie ndani. Baada ya wiki chache utakuwa na nepi laini, yenye kunukia, isiyonyonya kitu.

Kisha mpake mtoto mafuta ya mgando. Usione uchungu: chota kwa vidole vitatu, kiunoni, mapajani, kwenye kila mkunjo. Mafuta yatahamia kwenye pamba na kuiziba. Watu wasiojua raha hupaka kidogo tu, huchemsha nepi zilizoziba na kuzisuuza mpaka maji yatoke bila povu. Waache na uzee wao.

Hatua ya 3: Anika kwa ajili ya majirani

Kyimo iko kando ya barabara kuu ya Mbeya kwenda Tukuyu, na kamba yako ya nguo inasomwa na wapita njia wote, kuanzia mama wa maziwa hadi utingo wa lori la ndizi. Mwenye nepi nyingi kambani ndiye mlezi bora. Hilo halina mjadala. Kwa hiyo kila alfajiri toa nepi kumi safi, zinyunyizie maji, zianike. Jioni zianue, zikunje, kesho uzianike tena. Zile chafu zitie kwenye ndoo yenye mfuniko, chini ya kitanda.

Tahadhari ndogo tu: mficha nepi, harufu humuumbua. Mkojo ukilala kwenye ndoo hutoa amonia, na amonia haina siri. Siku hiyo fungua dirisha la upande wa jirani, kisha ulizie kwa sauti kama choo chao kimejaa.

Sasa tuongee juu ya mvua. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Tanzania. Baadhi ya maeneo ya wilaya hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kuanzia Novemba hivi hadi Mei jua huja kwa miadi. Nepi nene ya pamba uliyoifua asubuhi inaweza kuikuta kesho yake ingali mbichi kwenye pindo. Usiingoje. Mvishe hivyohivyo. Nepi yenye unyevu imekwisha kunywa kabla mtoto hajaanza kazi yake, kwa hiyo kikojo cha kwanza tu kinatoka nje. Ukiona vibaya, itandaze juu ya jiko la kuni. Itakauka, na mtoto atanukia moshi mpaka wageni waulize kama mmekausha samaki.

Hapa utani unasimama kidogo. Yuko nzi anayependa kutaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizotandazwa majanini au kuanikwa kivulini. Funza wake hutoboa ngozi na kukaa humo, pakavimba jipu. Ngozi ya mtoto ni laini mno kwa kazi hiyo. Anika kambani, juani likipatikana, na upige pasi ya moto pande zote mbili, pamoja na mapindo. Tumemaliza. Turudi kwenye ujanja.

Hatua ya 4: Kunja ulivyozoea

Kunja pembetatu. Siku zote pembetatu, kwa kila mtoto, kwa kila saa. Mtu akikwambia kwamba mvulana hulowesha mbele na msichana hulowesha katikati, na kwamba unene wa kitambaa unapaswa kuwekwa mahali mkojo unapotua, mshukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga fijo", na uendelee na pembetatu yako. Akiongeza kwamba mtoto anayelala chali hupeleka maji nyuma, muulize yeye amelea wangapi.

Kwa mvulana ipo mbinu bora zaidi: kidude kiache kinatazama juu. Wenzako hukielekeza chini kabla ya kufunga, dakika nzima inapotea. Kikitazama juu, mkojo hupanda tumboni, unapita chini ya pini, unalowesha fulana hadi kifuani, huku nepi yenyewe imebaki kavu kabisa. Ukilaumiwa, toa nepi uioneshe kwa fahari.

Kuhusu pini, jua historia yake, itakusaidia kubadilisha mada wakati maji yanatiririka. Iligunduliwa na Mmarekani Walter Hunt mwaka 1849. Alikuwa na deni, akaiuza haki yake kwa dola 400, wengine wakatajirika. Funzo ni kwamba kwenye biashara ya nepi kila mtu hulowa, kwa namna yake.

Hatua ya 5: Acha utambi

Hii ndiyo hatua kuu. Hata ukikosea nyingine zote, ukanunua pamba nzuri, ukaisuuza na kuikausha, hatua hii peke yake itakuokoa.

Mvishe mtoto nepi, kisha nailoni juu yake. Halafu pitisha macho kwenye ukingo wa nailoni pajani. Unaona pindo la pamba limechungulia, upana wa ukucha tu? Usiliguse. Pindo hilo hufanya kazi kama utambi wa kibatari: pamba iliyolowa ndani huyavuta maji polepole hadi nje, na kutoka hapo yanahamia kwenye suruali ya mtoto, kwenye mbeleko, kwenye mgongo wako. Nailoni haina tobo, pini haijalegea, nepi haijajaa hata nusu, na bado umelowa. Ni uvujaji wa kitaalamu, na wengi hawaugundui mpaka mtoto anaanza shule.

Adui wa mbinu hii ni kidole kimoja. Ukikizungusha kwenye paja la kushoto, kisha la kulia, kisha kiunoni mbele na nyuma, ukirudisha kila uzi ndani ya nailoni, utambi unakatika. Kazi yote haifiki nusu dakika. Ndiyo maana tunakushauri uwe na haraka.

Kuhusu kubana, chagua kati ya mawili. Ama legeza mpaka paja lipite na nafasi ya mandazi, ama kaza mpaka mtoto abaki na chata. Wenye busara za kuchosha huacha nafasi ya vidole viwili kiunoni, na pajani huhakikisha mpira umegusa ngozi bila kuikata. Wewe si wa huko.

Hatua ya 6: Dharau kifuniko

Mwaka 1946 mama mmoja Mmarekani, Marion Donovan, alichoka kubadilisha shuka zilizoloa. Akachukua pazia la bafuni, akaketi kwenye cherehani, akashona kifuniko cha nepi kisichopitisha maji. Wenye viwanda walimkatalia. Mwaka 1949 kikaanza kuuzwa katika duka la Saks Fifth Avenue, New York. Mwaka 1951 akapata hataza, akaiuza kwa dola milioni moja. Linganisha na dola 400 za Hunt. Dunia humlipa anayeziba kuliko anayefunga. Wewe hulipwi hata senti, basi usijisumbue kuziba.

Huku kwetu akina Donovan walikuwa wengi na hakuna aliyewapa hataza. Walichukua mfuko wa rambo, wakakata pembe mbili za chini, wakaingiza miguu ya mtoto. Kiunoni fundo, kazi imekwisha. Mtoto alitembea akitoa mlio, ukajua yuko wapi bila kumwita. Kisha 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku Tanzania Bara, na ufundi ule ukakosa malighafi. Haukuwa na maisha marefu hata hivyo: plastiki tupu humpikia mtoto vipele, na mfuko mwembamba karibu na uso wa mtoto ni hatari ya kuziba pumzi.

Ukitaka kuendeleza mila kwa utii wa sheria, jaribu mfuko mbadala. Una rangi, una vishikio, na unapitisha maji kwa uaminifu.

Kuna wajanja wengine wanaotuharibia kazi. Baridi ya Tukuyu imezijaza meza za mitumba masweta ya sufu, nao hununua sweta kuukuu, hukata mikono, hushona kaptula ya kuvaa juu ya nepi. Sufu halisi hubeba unyevu mwingi, kufikia kama theluthi ya uzito wake, bila kuonekana imelowa, na bado huruhusu hewa. Ukilikuta sweta hilo, lichukue, livae wewe. Mtoto ana mwili wa moto.

Hatua ya 7: Chagua mapaja ya kulowa

Nepi ikishajaa, suala la kubadilisha limepitwa na wakati. Sasa tafuta mapaja. Utajua saa imefika kwa kubinya sehemu ya chini: ikiwa nzito na ya moto, tabasamu, mtazame mgeni, sema, "Mtoto anakulilia wewe, shangazi. Mchukue kidogo."

Hesabu na mgandamizo. Kitambaa kilicholowa kikibanwa hukamuka, kwa hiyo mbeleko iliyokazwa ni rafiki yako, na kiti cha kati cha kosta ya kwenda Mbeya ni rafiki zaidi, maana abiria wa dirishani atambana mtoto upande wake na utamaliza safari ukiwa umelowa upande mmoja tu. Kanisani usimbadilishe kabla ya kuingia. Wamoraviani wako Rungwe tangu 1891, na katika muda wote huo hakuna mahubiri yaliyofupishwa kwa ajili ya nepi. Kaa benchi la mbele, uvae nyeupe.

Mapaja bora kuliko yote ni ya baba mkwe. Kwa mila ya Wanyakyusa, mkamwana humwepuka baba mkwe wake: hakutani naye njiani, hasimami mbele yake, hamkabidhi kitu mkono kwa mkono. Mwanaanthropolojia Monica Wilson aliyaandika hayo alipokaa na Wanyakyusa miaka ya 1930, na wapo wazee wanaoyashika hadi leo. Wewe yashike kwa bidii siku nepi imejaa. Mtume wifi ampeleke mjukuu kwa babu, nawe bakia jikoni na heshima zako. Babu atalowa, wifi atalaumiwa, na hakuna atakayekuita uje kujieleza, kwa kuwa mila haikuruhusu kutokea.

Hatua ya 8: Usiku mwachie mwenzako

Usiku ni mrefu na nepi ni fupi. Wengine huweka kitambaa cha ziada katikati, taulo iliyokatwa kwa mfano, wakafunga nepi mbili, wakatandika mpira chini ya shuka, ule uliorudi nao kutoka kujifungua. Hayo ni maisha ya wasiwasi. Wewe weka moja, ileile ya tangu magharibi, kisha mlaze mtoto upande wa baba yake.

Baba naye, ukiusoma mwongozo huu, dawa yako ni rahisi: koroma. Ukiguswa kwa kiwiko, geuka, ukorome kwa sauti nyingine. Anayeamka kwanza ndiye anayebadilisha, hivyo ndivyo ndoa nyingi zilivyoongozwa tangu zamani. Ila chagua mapema upande mkavu wa kukoromea.

Hatua ya 9: Ukivuja, kuwa na maneno tayari

Mgeni akisimama na doa, usiombe radhi. Anayeomba radhi amekiri. Piga makofi, sema, "Amekubariki! Huyu hamkojolei mtu ovyo." Mgeni akiwa hana mtoto, mtabirie mapacha. Akiwa naye, mtabirie mvua ya fedha. Hakuna mtu mzima anayeweza kukasirikia baraka mbele ya watu.

Aliyelowa akiwa mama mkwe, tumia njia nyingine: "Mama, nimefunga vilevile ulivyonifundisha." Kisha nyamaza.

Na siku ya hafla kubwa, ubatizo au harusi, mvishe pampasi na juu yake ufunge nepi ya kitambaa, pini ionekane. Utasifiwa na vyama vyote viwili. Hakikisha tu hakuna shangazi anayejitolea kumbadilisha.

Neno la mwisho, usilisome kwa sauti

Umetuvumilia mpaka hapa, basi chukua na lililo kweli. Nepi ya kitambaa haina saa nyingi ndani yake. Mtoto mchanga hubadilishwa kila baada ya saa mbili au tatu, na akijisaidia haja kubwa ni palepale. Anayebadilisha kwa wakati huvuja mara chache hata kwa kanga ya bibi na fundo. Asiyebadilisha atavuja hata angeshonewa na Donovan mwenyewe.

Wala usimwonee mtoto haya. Baada ya siku tano hivi za kwanza, anayenyonya vizuri hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na wauguzi wa kliniki huuliza idadi hiyo ili wajue kama maziwa yanamtosha. Pampasi hulificha jambo hilo. Kitambaa hukuambia, wakati mwingine kwa kupitia gauni lako. Kwa hiyo mpe shangazi baraka zake bila hofu. Ila ukiona nepi imekaa kavu tangu asubuhi hadi jioni, acha mzaha, mbebe mtoto, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.